Jiko la Kondoo

Mume wangu alikuwa mpishi, na alipoacha kula nilimkasirikia kama vile ameniibia kitu. Mtu aliyewalisha wengine miaka na miaka, anayejua kitunguu kikatweje na kikaangwe mpaka wapi, alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu pale Karuba, milima ya Masisi, akisukuma sahani ya maharage kwa kidole kimoja. Nilipika maharage kwa mawese, akasukuma. Nilipika sombe, majani ya muhogo, akasukuma. Uji wa mtama alikunywa vijiko viwili, tena ili nisipige kelele tu. Infirmie, yule muuguzi wa dispanseri, alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa, kisha akaniambia mimi badala ya kumwambia yeye:

"Mama, huyu muntu akule nyama. Kama hakule, hakuna dawa itamusaidia."

Alisema hivyo kana kwamba nyama ilikuwa imening'inia mlangoni kwetu na mimi ndiye ninayeikatalia. Nilimwambia aksanti, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuwajibu watu waliovaa nguo nyeupe, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilimtukana kimoyomoyo.

Mimi ni mtoto wa msituni, wa Itebero. Kwetu hakuna malisho, kuna miti na maji, na ukitaka kumsalimu shangazi yako unatembea mpaka miguu inakusahau. Mume wangu alinikuta Walikale nikiuza ndizi kando ya barabara. Alikuwa amemsindikiza bwana wake, mzungu aliyelima pareto juu milimani, na gari lilikuwa limeharibika. Walikaa pale wakingoja chuma kutoka sijui wapi. Alinunua ndizi zangu zote, kesho yake akanunua tena, na siku iliyofuata nikamwuliza kama wazungu wanakula ndizi tu. Alicheka. Alipenda mtu wa kumjibu. Mwisho wa kiangazi nilipanda naye milima ya Masisi, na baridi ya huko iliniuma hata nikadhani nimeshikwa na homa.

Tangu wiki ya kwanza aliniita Mama. Hatukuwa na mtoto, lakini aliniita Mama kwa sababu aliamini mtoto yuko njiani, na mimi nikamwita Papa kwa sababu hiyohiyo.

Hapo mwanzoni nilifanya kosa ambalo kilima kizima hakikulisahau. Jioni moja alirudi kutoka kazini amechoka lakini ana furaha, akasema:

"Leo Madamu alitaka jigo. Nimepika jigo muzuri sana."

Mimi nikasikia jiko. Nikamwuliza jiko lao lina nini, kama limebomoka.

"Hapana," akasema. "Wameikula yote. Imebakia mufupa."

Kifaransa sikukijua hata neno moja. Sikujua kwamba jigo ni paja la kondoo, linalopikwa zima na mfupa wake. Nilinyamaza, nikihofia kuonekana mshamba, na asubuhi niliwaambia wanawake tuliokuwa tunachota maji nao kwamba wazungu wa mume wangu wamekula jiko, yaani mafiga yenyewe. Kicheko kilishuka bondeni na kupanda upande wa pili. Tangu siku hiyo mume wangu hakuweza kupita njiani bila mtu kumwuliza, "Papa, leo mumepika jiko ya nani?" Na katika nyumba yetu, paja la kondoo lilibaki kuwa jiko la kondoo mpaka mwisho.

Alilipenda kuliko chakula chochote alichojua kupika. Aliniambia kwamba huwekwa kwenye furu, tanuri la wazungu, asubuhi, moto ukiwa mdogo, na mpishi akishaliweka anapaswa kuwa na subira ya kuku anayeatamia mayai. Karibu na mwisho anachemsha asali na divai mpaka viwe vizito, na kulipaka paja kila mara, mpaka ling'ae. Lakini hakuwahi kumwona mtu akilila. Alilipeleka mezani, akarudi jikoni, akasimama nyuma ya mlango kusikiliza visu.

"Sahani njo zinanielezaka," alisema. "Kama mufupa iko mweupe, walipenda."

Sasa lazima niseme kuhusu kondoo, kwa kuwa bila hilo mengine hayana maana. Katika ukoo wa mume wangu, mwanamke anayetegemea kuzaa hakuonja kondoo. Walisema kondoo hufunga tumbo. Waliomla ni wanawake waliokwisha kuzaa na kuzeeka, pamoja na wajane, na mjane aliletewa kipande chake cha kwanza cha ujane siku ya kumaliza matanga, watu wote wakimtazama. Nilimwona mama mkwe wangu akila kile cha kwake. Alikuwa mwanamke mkali asiyelia hovyo, hata kaburini kwa mumewe hakulia. Ila alipowekewa ile nyama mkononi alitetemeka mdomo, maana sasa hakuwa tena mke wa mtu, na nyama ndiyo iliyomwambia.

Mume wangu alicheka mwiko huo. Tulikuwa Wakristo, tulibatizwa, na padri hakukataza kondoo. Mara kwa mara alikuja na kipande cha jiko lake amekifunga kwenye jani la mgomba, akakifungua mbele yangu ili harufu inipige puani.

"Kula, Mama. Hata watu wa Biblia walikulaka kondoo."

"Wale walikuwa na watoto," nilimjibu.

Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla hazijaonekana vizuri. Pale kilimani walikuwepo watu waliosema ni kwa sababu nilitoka msituni, na nani ajuaye nilikula nini huko. Kwa hiyo mimi mgeni nilishika mwiko wao kuliko wao wenyewe. Sikugusa hata sufuria iliyopikiwa kondoo. Safari moja alinisumbua sana na lile jani lake, nikachoka, nikamwambia:

"Papa, niache. Siku nitachoka kungojea, nitakula. Utaniona na macho yako."

Hakucheka. Alilifunga jani, akampelekea mama yake, na tangu hapo hakunijaribu tena. Ila kila aliporudi na ile harufu kwenye nguo, aliniangalia na kuuliza, "Ungali unangojea?" Nami nikajibu, "Ningali." Yalikuwa maongezi yetu ya siri, na naweza kusema tulikuwa na furaha.

Halafu kikohozi kikaja. Kwanza kilikuwa cha asubuhi, baadaye cha kutwa, na mwishowe Madamu akasema mtu anayekohoa hafai kushika sahani za watu. Sijui ningesema nini mimi ningekuwa Madamu. Alirudi nyumbani na aproni yake nyeupe ameikunja mraba, akaiweka juu ya dari, na hakuigusa tena. Mama yake alikuwa ameshafariki. Tulibaki wawili, na kondoo mmoja dume tuliyekuwa tumempata akiwa mdogo, akila majani nyuma ya nyumba pamoja na mbuzi wa jirani.

Mwili wake ulikwisha upesi. Nilikuwa nikimfulia shati na kuona jinsi lilivyozidi kuwa kubwa. Aliacha kuuliza kama ningali nangoja. Alilala uso ukutani, na mimi nililima peke yangu, nikapanda maharage ya msimu, nikarudi, nikapika, akasukuma.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado mlangoni, alisema bila kugeuka:

"Nikipata jiko ya kondoo, mi ningekula."

Nilisimama katikati ya nyumba na kikapu mkononi. Roho iliniruka hata nikaona aibu. Infirmie alisema akila nyama atapata nguvu, na huyu hapa anataka nyama, tena anataka kwa kinywa chake mwenyewe. Sikumwuliza mara ya pili nisije nikamfanya abadili nia. Nilienda kumwita mdogo wake aje kuchinja.

Asali niliipata sokoni kwa watu wa kwetu. Walipanda kutoka Walikale na mawese na asali ya msituni, wakashuka na maharage ya milimani. Mama mmoja wa Itebero alipojua asali ni ya nani, aliniongezea, akanishika mkono, akauliza habari za mgonjwa. Nilimwambia kesho anakula. Nilisema kwa sauti kubwa, kama vile nataka sokoni wote wasikie.

Kesho yake mdogo wake alichinja, akagawa nyama kama inavyotakiwa, kwa wazee na kwa majirani, akachukua fungu la kwake na kurudi kwake ng'ambo ya bonde. Sisi tulibaki na paja moja la nyuma. Hatukuwa na furu. Tulikuwa na nyungu kubwa ya mama mkwe, mafiga matatu, na mpishi aliyelala.

"Niinue," akasema.

Nilimkalisha karibu na moto, nikamwegemeza kwenye gunia la maharage na kumfunika blanketi. Basi akaanza kuniamrisha. Nipake chumvi na kitunguu saumu, nichome vitundu kwa kisu kidogo na kusukumia vitunguu ndani. Nitandike vijiti vibichi chini ya nyungu ili nyama isigusane na udongo. Nimimine kasiksi kidogo, maana divai hatukuwa nayo na pombe ya ndizi ilikuwepo. Nifunike kwa bati, niweke makaa juu ya bati, ili moto uwe chini na juu kama kwenye furu.

"Punguza moto! Hii ni moto ya maharage!"

"Ni moto ileile inakupikiaka kila siku!"

"Njo maana sikulaka!"

Tulitazamana, kisha tukacheka, naye akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilikuwa sijagombana naye tangu mvua zilipoanza. Nani angefikiri mtu anaweza kufurahi hivyo kwa kukaripiwa? Nilivuta kuni mbili nje, moto ukanywea, akatega sikio juu ya nyungu.

"Sasa vizuri. Isichemke kwa kelele. Inatakiwa kunong'ona."

Ilinong'ona siku nzima. Mvua ilikuja, ikaenda, ukungu ukarudi. Sikwenda shambani. Nilibadilisha makaa, nikageuza paja alipoamuru, nikaongeza kasiksi ilipokauka. Yeye alisinzia, akaamka na kuuliza rangi yake ikoje, akasinzia tena. Harufu ilijaa nyumba, ikatoka mlangoni, na majirani wakapita wakituuliza kwa mbali nani amekuja kututembelea. "Hakuna," nilisema. "Papa anataka kukula." Nilipenda sana kulisema lile neno.

Jua lilipoanza kuinama, alisema ni wakati wa asali. Niliichemsha na kasiksi na mchuzi kidogo kwenye sufuria ndogo, mpaka ikawa nzito na kuanza kunata kijikoni. Nilichovya manyoya ya kuku yaliyofungwa pamoja, nikalipaka paja, nikafunika, nikafunua, nikapaka tena. Lilianza kung'aa jekundu lenye weusi. Sikuwahi kuona chakula kizuri hivyo katika nyumba yangu, na nilielewa kwa nini alikuwa akisimama nyuma ya mlango kusikiliza.

"Nipatie nionje," akasema. "Asali ikizidi chumvi, imeharibika. Ni hapa njo wanakoseaka."

Nilimpa kijiko. Alikiweka mdomoni, akafunga macho jinsi mpishi anavyofunga, nami nikangoja. Alingoja pia. Kisha akafungua macho, na niliona woga ambao sikuuona hata siku alipotema damu.

"Sisikie kitu," akasema.

"Imekosa nini?"

"Sisikie kitu, Mama. Ulimi imekufa."

Alijaribu tena. Akajaribu mchuzi peke yake, akajaribu asali tupu iliyobaki kibuyuni. Ilikuwa ni kama anameza maji. Akaniuliza chumvi iko ama haiko, imekaa upande gani, utamu umepita ao haujapita. Nani angejibu? Mdogo wake alikuwa amekwisha kuvuka bonde. Majirani wa kike wote walikuwa bado wanazaa, na waume zao walikuwa bado mashambani. Mama mkwe, aliyekuwa na ruhusa, alikuwa chini ya udongo. Na kwenye sufuria ile asali ilikuwa ikianza kupata ule weusi wa kuungua, na mpishi mzima, aliyepikia meza za wazungu, alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayezama.

Nilichukua kijiko, nikachota, nikatia mdomoni.

"Chumvi kidogo," nikasema. "Utamu iko sawa. Imekosa chumvi tu."

Nilisema upesi, nikanyoosha mkono kwenye kibuyu cha chumvi, na mkono ulikuwa bado hewani nilipogeuka kumtazama. Alikuwa ananiangalia. Hata kukohoa alikuwa ameacha.

"Mama. Umekula."

"Nimeonja."

"Umekula," akasema taratibu. "Umechoka kungojea."

Yeye aliyecheka ule mwiko miaka yote, yeye wa kusema padri hakukataza, ndiye aliyeusoma pale pale. Nilitaka kumwambia ni mkono tu, ni mkono wa mtu aliye jikoni, nani anapika bila kuonja? Nilitaka kuapa. Lakini alikuwa mume wangu, na sikuwahi kuweza kumdanganya bila yeye kucheka. Ukweli ni kwamba mtu anayengoja mtoto angepiga kelele ya kumwita jirani, angekimbia bondeni, angeacha asali iungue na nyumba pamoja nayo. Mimi nilichota. Mkono wangu ulikuwa umejua kwa muda mrefu jambo ambalo sikuwa nimejiambia: hapakuwa na mtoto atakayekuja, na baba yake alikuwa anaondoka. Siku nzima niliwatangazia watu kwamba anakula, na ndani yangu nilikuwa nimeshakuwa mjane.

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtoto aliyepigwa, kijiko mkononi.

"Weka chumvi," akasema. "Itaungua."

Niliweka chumvi. Nilipaka mara ya mwisho, nikaliepua paja, nikaliweka kwenye sinia. Alinionyesha jinsi ya kukata, kwa kulalia mfupa, vipande vyembamba. Nikampa cha kwanza. Alitafuna, akatafuna, akatafuna, kisha akakitoa kwenye kiganja na kukitazama. Nyama ile ilikuwa imelainika hata isihitaji meno, na bado koo lake lilikataa. Alikiweka pembeni ya sahani, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Basi kula weye," akasema. "Sijaonaka muntu akiikula. Sikie, miaka yote ile, nilikuwa nyuma ya mulango. Kula nione."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia nitatapika. Alisema nimekwisha kuanza, na hiyo ilikuwa kweli.

Basi nilikaa mbele yake na kula. Alijisogeza kwenye lile gunia, akashika magoti, akaniangalia kinywa. Aliuliza kitunguu kinasikika ao hapana. Aliuliza kama asali imeshika ngozi. Nilijibu nikiwa na machozi na mafuta usoni, na kila nilipojibu alitikisa kichwa, akisema "Ehe. Ehe, njo vile." Nataka kusema kwamba nyama ile ilinikwama, kwamba ilikuwa chungu kinywani. Haikuwa. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula, msituni ao milimani, na niliona hasira kali kwamba inaweza kuwa tamu hivyo siku ile. Nilikula mpaka nikamega nyama ya mwisho iliyoshikilia, na mfupa ukabaki mweupe. Aliuomba mfupa ule, akaugeuza mkononi, akaridhika.

Alifariki kabla ya maharage niliyopanda kutoa maua. Ugonjwa ulifanya kama ulivyotaka kufanya tangu mwanzo, na paja la kondoo halikubadilisha kitu. Infirmie alikuja kuzika, akaniuliza kama alikula ile nyama. Nikamwambia ndiyo, alikula vizuri. Sikuona faida ya kumweleza.

Siku ya kumaliza matanga, wanawake wazee wa ukoo waliniita uani. Walininyoa, wakanivisha kitambaa, wakaniketisha kwenye kigoda alichokalia mama mkwe wangu. Watu walikuwa wamesimama pande zote. Mmoja wa wale wazee aliniletea kipande cha kondoo kwenye jani la mgomba na kusema kwamba sasa ninaruhusiwa, kwamba ni mara ya kwanza, nisiogope. Waliniangalia mdomoni wote, wakingoja nitetemeke.

Nilitia kinywani na kutafuna. Walikuwa wameichemsha haraka kwa moto mkubwa, na ilikosa chumvi.